Joto la ghafla jikoni na jasho la usiku: ni malaria, presha, au ndiyo hedhi inakoma?

Mama Vitumbua, Tanga

Habari zenu wapendwa. Wanaume mliomo humu msikimbie, maana wake zenu kama hawajafika hapa nilipo, wako njiani.

Nina miaka 48, nakaa Ngamiani, kazi yangu vitumbua na maandazi. Saa kumi alfajiri niko jikoni, kukipambazuka nishatandika meza barazani. Joto la jiko nalijua, nimekulia humo tangu namsaidia marehemu mama. Hili ninalolisema ni jingine. Linaanzia kifuani, hapa chini ya koo, linapanda shingoni, usoni, mpaka masikioni. Uso unawaka, moyo unakwenda mbio, kisha jasho linachuruzika hadi kwenye kope. Juzi nimeshika upawa namimina rojo kwenye chuma cha vitumbua, likanijia. Nikauweka upawa chini, nikashika ukuta. Vitumbua vya mkupuo ule vikaungua upande mmoja, wakala watoto wa jirani. Dakika mbili tatu likapita, likaniachia baridi. Naam, baridi, mbele ya moto wa mkaa, natafuta mtandio.

Usiku ndiyo balaa. Nalala vizuri, saa saba au saa nane nashtuka nimelowa mgongo, chini ya matiti, hadi mizizi ya nywele. Mzee anataka feni iwe namba moja kwa sababu kifua kinambana, mimi nataka namba tatu. Neti inazuia upepo. Nikitoka nje ya neti, mbu. Nikirudi ndani, tanuri. Umeme ukikatika tunakaa wote tunatazamana.

Zahanati nimekwenda. Nikitaja jasho na baridi tu, naambiwa malaria. Mara ya kwanza hata kidole sikutobolewa, nikapewa dawa mseto nikameza yote. Nilivyorudi wakanipima, kipimo kikasema hakuna malaria, nikapewa dawa tena "kwa tahadhari". Jasho liko palepale. Dada yangu mkubwa anasema ni presha. Shoga yangu wa sokoni kaninong'oneza kwamba nimetupiwa kitu na muuza maandazi wa mtaa wa pili, na nina hakika yule mama wa watu hana hata muda wa kunitupia chochote.

Hedhi yangu tangu mwaka jana inarukaruka. Mwezi huu ipo, ujao haipo, ikirudi inakuja nzito ya kulowesha nguo. Tangu kabla ya Ramadhani sijaiona kabisa. Na hasira nazo: nimemfokea mteja wa siku zote kisa mia mbili.

Je, hili ndilo joto la kukoma hedhi? Linakaa muda gani? Na mtu wa jikoni anafanyaje? Msiniambie niache kazi, watoto wawili wako sekondari.

Tabibu wa Mizizi

Pole dada. Hiyo ni uchafu umejaa kwenye kizazi kwa sababu damu haitoki. Nina dawa inayosafisha kizazi na kurudisha hedhi ndani ya siku 7, hata kwa bibi wa miaka 60. Njoo pembeni tuongee bei.

Mkunga Mstaafu, Moshi

Mama Vitumbua, pole mdogo wangu. Mimi nimefanya kazi wodi ya wazazi mpaka nikastaafu, na joto hilo lilinikuta niko zamu ya usiku, glovu mkononi, mama anasukuma. Kwa hiyo nalijua kwa kusoma na nalijua kwa kulowa.

Nianze na huyo hapo juu. Hakuna uchafu uliojaa. Kila mwezi utando wa ndani ya mfuko wa uzazi hujengeka kwa nguvu ya homoni zinazotoka kwenye ovari, kisha hubomoka na kutoka, ndiyo hedhi. Ovari zikianza kuchoka, utando haujengeki kama zamani, basi hakuna cha kutoka. Na mwanamke aliyemaliza miezi 12 bila hedhi kisha akaona damu, hata tone, anatakiwa aende hospitali mapema achunguzwe, maana inaweza kuwa saratani ya mfuko wa uzazi au ya shingo ya kizazi. Anayemletea bibi wa miaka 60 damu na kuiita kupona ni mtu wa kuogopwa.

Sasa wewe. Unayoyaeleza ni joto la kukoma hedhi, nikikusikiliza kwa mbali hivi. Wanawake wengi hedhi inakoma kati ya miaka 45 na 55. Tunahesabu imekoma pale unapotimiza miezi 12 mfululizo bila kuiona. Wewe bado, uko kwenye kipindi cha mpito, na hicho ndicho chenye vurugu kwa sababu homoni hazishuki kwa utaratibu, zinapanda na kuporomoka.

Joto linatoka wapi? Ndani ya ubongo kuna sehemu iitwayo haipothalamasi, ndiyo inayosimamia joto la mwili, kama kile kidude cha kwenye pasi ya umeme kinachojizima na kujiwasha. Homoni ya estrojeni ilikuwa inatuliza seli fulani za neva za hapo. Estrojeni ikiyumba, zile seli zinachangamka kupita kiasi na kile kidude kinakuwa na wasiwasi. Watafiti waliowapima wanawake maabara walikuta kwamba kwa asiye na tatizo hili, kati ya kiwango kinachomtoa jasho na kinachomtetemesha kuna nafasi ya kama nyuzi 0.4 za Selsiasi. Kwa mwenye tatizo, ile nafasi karibu haipo. Ndiyo maana chai ya moto, jiko, au hasira ya mia mbili inatosha. Mwili umepanda kidogo mno, ubongo unaona moto umeshika nyumba: unafungua mishipa ya ngozi, uso unawaka, unamwaga jasho, mwisho unajikuta umepoa kuliko ilivyohitajika, ndiyo hiyo baridi ya mtandio.

Jasho, kisha baridi. Unaona kwa nini wenzetu wanakimbilia malaria. Lakini malaria huleta homa ya kweli. Nunua kipimajoto, likikujia usiku kiweke kwapani. Joto hili linachoma ngozi, ila halikupeleki kwenye homa ya 38 na kukaa huko. Na kipimo cha malaria kikisema hakuna, dawa mseto haina kazi tumboni mwako.

Hata hivyo usijitangazie mwenyewe. Ukienda kituoni omba haya. Pima presha. Pima mimba. Usicheke! Hedhi inayoruka haimaanishi mayai yamekwisha, nimewazalisha akina mama wa miaka 46 waliokuja wakisema wana gesi. Waambie kama umekonda, au una kikohozi cha wiki mbili na zaidi, kwa sababu jasho la usiku ni la kifua kikuu pia, na kipimo cha makohozi ni bure. Kama mikono inatetemeka, unakonda huku unakula, na moyo unakimbia hata ukiwa umekaa, waangalie tezi ya shingo. Kipimo cha VVU nacho, kama hujapima karibuni. Kipimo cha damu cha homoni kwa umri wako hakihitajiki, usikubali kutozwa pesa: leo kitasoma hivi, wiki ijayo vingine.

Muda: hapa sitakudanganya. Marekani kuna utafiti mkubwa, SWAN, uliowafuatilia wanawake kwa miaka mingi. Matokeo yaliyotoka 2015 yalionyesha muda wa kati ni miaka 7.4, yaani nusu yao walipita hapo, na kwa Wamarekani weusi miaka 10.1. Walioanza joto wakiwa bado wanaona hedhi, kama wewe, ndio waliokaa nalo zaidi. Halina ukali uleule miaka yote, lakini ukiambiwa ni la miezi mitatu usiamini.

Nijibu haya kwanza, ya dawa tutafika.

Baba Nuru, Morogoro

Mimi ni mwanamume na sijakimbia.

Mke wangu alianza kuhama kitanda. Naamka usiku namkuta kalala sakafuni, kanga moja, miguu juu ya kiti. Nikajua nimekosana naye, nikawa nahesabu makosa yangu, na yapo. Kumbe sakafu ya saruji ndiyo iliyokuwa baridi. Siku aliyoniambia tulifanya hivi: godoro la sponji tuliliondoa upande wake, maana sponji inatunza joto, tukamwekea la pamba la zamani na mkeka wa ukindu juu. Kitanda tukakisogeza dirishani. Kila mtu na shuka lake, hilo dogo lina faida kubwa, akilowa habadilishi kitanda kizima. Feni tuliigeuza imlenge yeye, mimi navaa fulana. Mwambie mzee wako wa kifua avae fulana, feni namba tatu haijaua mtu.

Mkeka wa sakafuni nao unataka neti. Tulitundika ya pili, ya duara. Mbu wa Morogoro hawana huruma na mama wa mtu.

Dada Neema, Kahama

Jirani yangu alipewa vidonge vya majira na joto likaisha kabisa. Si estrojeni hiyo hiyo? Vinapatikana kila mahali, mama yangu jaribu.

Mkunga Mstaafu, Moshi

Neema mwanangu, hapana, na nashukuru umeuliza hadharani. Vidonge vya majira vyenye homoni mbili vina estrojeni yenye nguvu kubwa kuliko ile ya kutibu joto. Mwanamke aliyevuka 35 akiwa na presha, au anavuta sigara, au ana kipandauso chenye kuona miale kabla ya kuumwa, vinaweza kumletea damu kuganda mguuni au kiharusi. Jirani yako labda alipimwa presha ikawa safi. Mama Vitumbua hajatuambia yake.

Mwana wa Kibokoni, Leicester

Assalaam alaykum. Mimi mzaliwa wa Mombasa, niko Uingereza, miaka 53. Natumia kibandiko cha homoni, nasema niliyoyapitia na niliyoyauliza.

Kibandiko ni kama plasta, nakibandika chini ya kiuno, nabadilisha mara mbili kwa wiki. Estrojeni inapita kwenye ngozi. Kwa kuwa bado nina kizazi, usiku nameza na projesteroni, homoni ya pili inayozuia utando wa kizazi, na hapo daktari alisisitiza mno: mwenye kizazi akitumia estrojeni peke yake utando unajengeka bila breki, na saratani ya mfuko wa uzazi inamkaribia. Aliyetolewa kizazi haihitaji ile ya pili. Joto kwangu lilipungua polepole, si usiku mmoja. Kulala nilirudia kulala kabla hata jasho la mchana halijaisha.

Mamangu alipopata habari alipiga simu analia. Kasikia homoni zinaleta saratani ya matiti. Maneno hayo yana asili. Mwaka 2002 Marekani walisimamisha sehemu ya homoni mbili ya utafiti mkubwa wa afya ya wanawake, WHI, kwa sababu waliomeza homoni mbili walipata saratani ya matiti zaidi ya wasiomeza. Kilichopotea njiani ni hesabu: ongezeko lilikuwa kama wanawake 8 kwa kila 10,000 kwa mwaka. Tena wastani wa umri wa waliosajiliwa ulikuwa miaka 63, wengi hedhi ilikoma zamani. Leo wanachosema madaktari ni kwamba kwa mwenye afya njema, aliye chini ya miaka 60 au ambaye hajapitisha miaka 10 tangu hedhi ikome, faida kwa kawaida huishinda hatari. Na kibandiko, kwa kuwa hakipiti kwanza kwenye ini, hatari yake ya kuganda damu ni ndogo kuliko kidonge. Hatari haijakuwa sifuri. Aliyewahi kuugua saratani ya matiti, au kuganda damu, au mwenye ugonjwa mkali wa ini, au anayetoka damu isiyojulikana sababu, huyo hapewi.

Huku England tangu Aprili 2023 kuna cheti cha kulipia dawa hizi kwa mwaka mzima, nafuu tele. Huko nyumbani najua si rahisi, dadangu aliyeko Mombasa kazunguka famasi mpaka akachoka.

Na hizi hila za kupoza mwili, kunywa maji baridi, kuacha pilipili: nimeuliza. Chama cha wataalamu wa kukoma hedhi cha Amerika Kaskazini walipopitia ushahidi 2023 hawakuziweka kwenye orodha ya tiba, kwa kuwa hazijathibitika kupunguza idadi ya vipindi. Walichokikubali bila dawa ni tiba ya mazungumzo ya kubadili fikra na mazoea, hipnosi ya kitabibu (mtaalamu anakutuliza akili kwa maneno), na kupunguza uzito kwa aliyezidi. Mimi feni yangu ya mkononi siiachi, sawa? Sikuinunua ipunguze vipindi. Niliinunua nisizimie kwenye basi.

Mama Vitumbua, Tanga

Jamani nimerudi. Mkunga, mimba! Nilicheka mpaka mzee akauliza kuna nini, nikamwambia, yeye hakucheka. Nimepima. Haipo. Amekaa kimya jioni nzima, sijui kwa raha au kwa huzuni.

Sikukonda, nimenenepa. Kikohozi sina. VVU nimepima, salama. Safari hii nilikwenda hospitali kubwa, nikakuta daktari binti mdogo, kaniketisha, kanisikiliza bila kuandika kwanza. Presha ndiyo iko juu. Kanipimisha nikiwa nimepumzika, kaniambia nirudi asubuhi nyingine, bado juu. Kwa hiyo dada yangu mkubwa kapata la kusema mpaka Idi. Nimepewa amlodipine. Binti kaniambia joto si la presha, ni hedhi inakoma, ila presha itulie kwanza ndipo tuzungumze mengine.

Sasa cha ajabu, tangu nianze amlodipine uso unawaka hata nikiwa nimetulia, na miguu jioni inavimba kidogo. Nimeanza kuwaza niiache.

Jikoni nimebadilisha mambo. Jiko nimelitoa kwenye kibanda cha bati, nimeliweka chini ya mwembe uani, alfajiri hakuna jua wala mvua msimu huu. Maandazi nakanda na kukata usiku, asubuhi kazi ni kukaanga tu. Binti yangu anashika upawa ikinijia. Na nimeacha madera. Yale yanayong'aa hayanyonyi jasho, yanakushika tu mwilini. Nimerudi kwenye kanga, lakini wakinamama, kanga za sasa nyingi zina mchanganyiko. Fundi wa cherehani kanionyesha: vuta uzi mmoja pembeni, uchome. Wa pamba unaungua unanuka karatasi, unaacha majivu yanayosagika kwa vidole. Wa plastiki unajikunja, unayeyuka, unaacha kidonge kigumu cheusi. Nimechoma uzi wa kanga zangu zote. Ile ya gharama kuliko zote, ya harusi ya mpwa wangu, ikaacha kidonge.

Mkunga Mstaafu, Moshi

Huyo daktari binti Mungu amtunze.

USIACHE amlodipine mwenyewe. Inajulikana: dawa hiyo inatanua mishipa, na kwa baadhi ya watu inaleta uso kuwaka na miguu kuvimba. Kwa hiyo sasa una majoto mawili yaliyoshikana mikono. Rudi umwambie, atapunguza dozi au atakubadilishia, dawa za presha ni nyingi. Ukiiacha kimyakimya halafu presha ikapanda, hatutakuwa tunazungumza joto, tutazungumza kiharusi.

Ili umsaidie, andika. Daftari lako la madeni litafaa, ukurasa wa nyuma. Saa lilipokuja, limekaa muda gani, ulikuwa unafanya nini, ulimeza dawa saa ngapi. Joto la kukoma hedhi linakuja kwa vipindi na kuondoka, likimaliza linaacha jasho na baridi. La dawa ya presha mara nyingi linafuata muda wa kumeza, na jasho si lazima. Wiki mbili za daftari zitamwambia daktari kuliko kumbukumbu yako.

Presha ikitulia, mambo ya kumwuliza. Homoni: mwenye presha iliyodhibitiwa hajafungiwa mlango, na kama kibandiko au jeli ya kupaka inapatikana ndiyo bora kwako kuliko kidonge. Uliza bei kabla ya kuandikiwa, ni dawa za miezi na miaka, hazipo kila famasi. Kama homoni hazipatikani au hazikufai, zipo dawa zilizotengenezwa kwa kazi nyingine zinazopunguza joto. Gabapentini, ambayo inaleta usingizi, kwa hiyo humfaa mwenye shida ya usiku, ila wewe unayeamka saa tisa na nusu kwenda kwenye mafuta ya moto, sema hilo mapema. Venlafaxine, dawa ya sonona, nayo husaidia, lakini inaweza kupandisha presha, basi si chaguo langu la kwanza kwako. Kuna na kidonge kipya, fezolinetant, kinachotuliza zilezile neva nilizotaja. Kiliidhinishwa Marekani Mei 2023, hakina homoni, ila mtumiaji lazima apimwe ini, na Desemba 2024 wakakiongezea onyo kali kuhusu ini. Nakitaja ujue kipo duniani, sikutumi kukitafuta.

Uwatu na soya, nitaulizwa, basi nijibu. Soya kama chakula haina neno, kwa wengine joto hupungua kidogo, kwa wengine hakuna kitu. Uwatu unaweza kushusha sukari, anayetumia dawa za kisukari amwambie daktari wake kwanza.

Na uzazi wa mpango bado! Ukiwa chini ya 50, hesabu miaka miwili tangu hedhi ya mwisho. Ukishavuka 50, mwaka mmoja. Mzee asipocheka safari ijayo iwe kwa sababu nyingine.

Sitaki Jina, Dodoma

Samahani naingia katikati. Mimi miaka 41. Niliondolewa titi kwa saratani, sasa natumia tamoxifen, dawa ya kuzuia isirudi, na joto ni hilohilo la Mama Vitumbua, labda mara mbili yake. Nimeogopa kulalamika kliniki, naona nitaonekana sina shukrani wakati wenzangu tuliokuwa nao wodini hawapo. Mtu kanipa paroxetine, dawa ya sonona, ya ndugu yake, anasema inatuliza joto. Niinywe?

Mkunga Mstaafu, Moshi

Mwanangu, usiinywe. Paroxetine ni kweli hupunguza joto, lakini inazuia kimeng'enya cha ini kinachoigeuza tamoxifen kuwa dawa yenye nguvu. Unaweza ukapoa joto huku kinga yako dhidi ya saratani inadhoofika. Rudisha hivyo vidonge. Waambie kliniki waziwazi, kwa walio kwenye tamoxifen hupendelea venlafaxine au gabapentini. Homoni wewe hapana. Na vya Tabibu wa hapo juu hapana kabisa.

Kulalamika joto ni taarifa ya tiba. Wapo wanaoacha tamoxifen kwa ajili ya joto hili bila kumwambia mtu, na daktari anaanza kushangaa baadaye. Mwambie hata kabla hujakaa.

Mwana wa Kibokoni, Leicester

Sitaki Jina, dadangu, nakuombea. Mwenye titi moja na mwenye mawili, joto halichagui, na hakuna aliyekatazwa kulisema.

Baba Nuru, Morogoro

Mama Vitumbua, mke wangu kasoma habari ya uzi akaenda kabatini na kiberiti. Nyumba inanuka. Shuka zetu zote zimeacha vidonge, hata zile muuzaji aliapa ni pamba tupu. Tununue nini?

Mama Vitumbua, Tanga

Usinunue shuka za pakiti. Nenda duka la vitambaa ukatafute marekani, ile nyeupe isiyopaushwa sana, ukate ya kutosha kitanda na mito, fundi apinde pembe tu. Mara ya kwanza ni ngumu, ifue kwa maji ya moto isuguliwe, itajilegeza na kusinyaa, kwa hiyo kata ndefu kuliko kitanda. Na chomeni uzi dukani, nje ya mlango, kabla hamjalipa. Muuzaji akikataa, hilo ndilo jibu.

Amlodipine naendelea nayo, Jumatatu narudi kwa yule binti na daftari la madeni.